Komunike Haikatwi

Katika mtaa wa Saio, mjini Bunia, Isidore alijulikana kwa sauti kabla ya sura. Watu waliozoea kumsikia redioni walipokutana naye ana kwa ana walivunjika moyo kidogo, maana sauti ile nzito, ya padri aliyeshiba, ilitoka katika kifua chembamba na shingo ndefu iliyozama ndani ya kola pana. Hakuwachukia kwa hilo. Alijua Mungu hampi mtu mmoja vyote, na yeye alikuwa amepewa koo.

Kazi yake ilikuwa kusoma komunike. Hizo ni habari za watu wenyewe, ambazo huziandika kwenye karatasi, huzilipia dirishani, kisha husomwa hewani mji wote uzisikie. Fulani amefariki. Mbuzi wa fulani amepotea, ana kamba ya bluu shingoni. Fulani aliyeko machimboni arudi haraka, mkewe amejifungua, na mtoto amefanana na babu yake, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Watu wa Bunia huleta siri zao redioni kwa mikono yao wenyewe na kudai risiti.

Komunike zina sheria mbili, na Isidore alizinywa pamoja na chai ya siku yake ya kwanza kazini. Komunike haikatwi, na husomwa mara mbili. Alijaribu kuivunja ile ya kwanza mara moja tu, alipokuwa kijana mwenye haraka. Katika tangazo la kifo, orodha ya wafiwa ilikuwa ndefu kama mkia wa ng'ombe, naye akawaruka shemeji wa Mahagi-Port, kule ziwani. Shemeji hao walisikia kwa masikio yao kwamba hawamo miongoni mwa wenye uchungu. Wakabaki kwao na samaki wao, waombolezaji wakala maharage matupu, na familia ya marehemu ikaja kupiga kambi katika ua wa redio hadi Isidore alipoomba radhi hewani. Tangu hapo hakuacha hata nukta. Alisoma majina, anwani, namba za simu, na hata maneno "asante kwa mapokezi mema" ambayo mwandishi alikuwa amemwandikia mtu wa dirishani. Wala hakupitia karatasi kabla ya kuingia hewani. Kupitia, alisema, ni kazi ya wenye kigugumizi.

Angalikufa hivyo, mtu mwema wa vifo na mbuzi, kama isingekuja semina. Mtaalamu alitoka Kinshasa, viatu vyake viking'aa katika vumbi letu kana kwamba havikuligusa, akawafundisha waandishi wa habari wa jimbo letu la Ituri uandishi wa uchunguzi. Hapo Isidore akalisikia kwa mara ya kwanza neno lililomwingia moyoni: intérêt public, faida ya umma. Mtaalamu alisema kwamba jambo likiwa na faida kwa umma, kuna milango iliyofungwa ambayo mwandishi anaweza kuisukuma. Kisha akaendelea kwa muda mrefu kueleza ni lini asiisukume, lakini chakula kilikuwa kimefika, na Isidore alikuwa mbele kwenye foleni.

Alirudi nyumbani mtu mwingine. Alipokatiza maneno ya mkewe Suzanne, ilikuwa kwa faida ya umma. Alipochukua paja la mwisho la kuku, umma ulifaidika tena. Suzanne, ambaye huuza unga wa muhogo sokoni na hana subira na maneno yasiyopikika, alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la binti yao, "Papa Tina, huyu public yako iko na tumbo kubwa sana." Isidore alicheka kidogo, akamalizia mfupa.

Lakini ni Suzanne huyo huyo aliyeleta habari yenyewe.

Ulikuwa msimu wa mvua. Pembezoni mwa mji, katika kambi ya watu waliokimbia vita katika vijiji vya Djugu, ile tunayoiita site, vibanda vilivuja kiasi kwamba akina mama walilala wameketi, watoto mapajani. Turubai, ambazo sokoni huitwa bâche, zilikuwa zimetangazwa. Shirika moja la hapa mjini, Paa kwa Wote, lilikuwa limepokea mzigo mzima, na mkuu wake, Papa Néhémie, alipigwa picha akikabidhi turubai ya kwanza huku akitabasamu. Ya pili haikupigwa picha.

"Ile bâche ya watu ya site, leo niliiona ku soko," Suzanne alisema, akivua viatu vyenye matope. "Iko inafunika samaki."

"Uliona na macho yako?"

"Sasa nione na macho ya nani? Alama ya shirika iko pale pale, hata kuifuta hawakufuta. Samaki njo inalala pakavu, watu hapana."

Isidore hakulala vizuri. Tusimnyime haki yake: alikasirika kweli. Alikuwa ameshasoma vifo vingi vya watoto wa kambini, kikohozi na baridi, na kila mara alisoma mara mbili. Kulipokucha alikwenda ofisini kwa Néhémie na kinasa sauti chake. Néhémie alimpokea kwa kahawa, akasema kwamba mambo yote yako wazi, hakuna kilichofichwa, na mwishoni akampa bahasha ya pesa za usafiri, kama wanavyopewa waandishi wa habari huku kwetu kila wanapomtembelea mkubwa. Isidore aliipokea, kwa kuwa kukataa bahasha ni dharau. Alirudi kwa miguu, ili usafiri ubaki mfukoni.

Ndipo alipokumbuka Orly.

Orly ana kibanda cha kupiga chapa karibu na barabara kuu, na nusu ya watu wa Bunia wenye anwani ya imeili walifunguliwa na yeye, wakiwa wameketi kwenye benchi lake. Kwa kuwa wateja husahau, na kwa kuwa yeye ndiye husumbuliwa wakisahau, Orly aliwapa wote neno la siri moja: bunia, kwa herufi ndogo, na mwaka wa kufungua. Aliyetaka kulibadilisha angeweza. Hakuna aliyebadilisha. Isidore hakubadilisha, na alikumbuka vizuri kwamba yeye na Néhémie walifunguliwa asubuhi moja, bega kwa bega, wakigombea nafasi kwenye benchi.

Aliketi katika ua wa redio mchana kweupe, simu mkononi, akaandika anwani ya Néhémie, kisha neno. Sanduku likafunguka. Baadaye angeliita jambo hilo udukuzi, na angeshusha sauti kila alipolitaja, kama mtu aliyepita chini ya waya za umeme. Ukweli ni kwamba aliingia kama mtu anavyoingia nyumba ya jirani ambaye ufunguo wake ni sawa na wako.

Alisita kwa muda wa kumeza mate. Halafu akasoma. Akasoma majibu ya hospitali kuhusu bawasiri za Néhémie. Akasoma ugomvi wake na kaka yake juu ya kiwanja, na malalamiko yake kwa kwaya kwamba hapewi kuongoza wimbo. Akasoma barua kutoka kwa mwanamke wa Beni aliyemwita "mwanasesere wangu". Umma haukuwa na haja na bawasiri, lakini uliwakilishwa vizuri, haukukosa hata mstari.

Chini zaidi zilikuwapo turubai. Néhémie alikuwa amemwandikia mfanyabiashara: "Harakisha kuuza, watu wanaanza kuona." Maneno hayo yangetosha kabisa. Mtu mwenye njaa ya kawaida angeshiba. Lakini juu yake ilikuwapo barua nyingine, ya siku hiyo hiyo, kutoka kwa mwanamke wa kambini, na Isidore alipoisoma machozi yalimlenga, akajua kwamba umma lazima uisikie.

Mkurugenzi wa redio, Mama Emerance, hakulia. Aliisoma kwenye simu ya Isidore, akamrudishia.

"Hii uliipata wapi?"

"Mama directrice, ni intérêt public."

"Sikukuuliza ni nini. Nilikuuliza wapi."

Akamweleza, mpaka benchi la Orly. Emerance aliangalia mvua mlangoni. "Ingekuwa afadhali tungeipata na njia ingine," alisema. "Lakini batoto iko wanalowana leo. Sikia basi: sema bâche ziliuzwa, sema ni Néhémie, soma ile neno yake ya kuharakisha. Barua ya huyu mama, acha. Mukubwa njo tunamutafuta, hatumutafute yeye."

"Ndiyo, mama," alisema Isidore, na alikusudia.

Asubuhi iliyofuata aliingia studio. Nyuma ya kioo alikaa fundi Gauthier, mzee wa mitambo. Isidore alisema habari za turubai kwa sauti iliyofanya waendesha pikipiki wazime injini wasikilize. Alisoma neno la Néhémie. Hapo palikuwa mahali pa kumaliza. Lakini barua ya yule mama ilikuwa mbele yake, ameinakili kwenye karatasi kwa mkono wake, na mbele ya karatasi Isidore hakuwa mchunguzi tena, alikuwa msomaji wa komunike. Koo lilijua njia. Likaanza mwanzo, likaenda hadi mwisho.

"Kwa mheshimiwa mkuu wa shirika. Mimi ni mwalimu Bénédicte, katibu wa kamati ya site. Ninakaa banda la mwisho karibu na kisima, pamoja na watoto wangu. Ninakujulisha kwamba lori ilishusha nusu ya turubai, na nusu ikaenda sokoni, na rais wa site anajua kwa sababu alisimamia mwenyewe. Uje uone. Ninakuomba kwa ajili ya Mungu jina langu lisijulikane, maana nikijulikana nitafukuzwa, na sina pa kwenda. Mwalimu Bénédicte."

Gauthier alikuwa amesimama, akipunga mikono yote miwili nyuma ya kioo. Isidore alidhani anapongezwa.

"Ninarudia," alisema.

Mji ulichemka. Na hapa, msomaji, mwenye haraka ya kumcheka Isidore angoje, maana kazi yake ilizaa. Waliolifadhili shirika walimsimamisha Néhémie. Sokoni samaki walivuliwa nguo kabla ya jua kuzama, na turubai zikarudi kambini, si zote, lakini nyingi. Watoto walilala pakavu. Umma ulifaidika, tena umma wenye majina na kikohozi. Waendesha pikipiki walimbeba Isidore bure. Mtu mmoja wa sokoni alimpa jogoo.

Kisha waandishi wa habari wakafanya mjadala katika ukumbi wa hoteli, na soda: je, mwandishi anaruhusiwa kufungua barua za mtu? Isidore alikuwa mgeni wa heshima. Wakamuuliza aliingiaje.

"Mbinu siwezi kuzitaja," alisema kwa ile sauti. "Mwandishi wa habari hulinda vyanzo vyake, hata wakimfunga."

Ukumbi ukapiga makofi. Neno la siri la Orly lililindwa siku hiyo kama mfalme. Emerance, aliyekuwa ameketi nyuma, aliondoka kabla ya soda.

Nyumbani Suzanne alikuwa akimnyonyoa jogoo.

"Na ule mama?" aliuliza.

"Mama gani?"

Suzanne aliacha kunyonyoa. "Mwalimu. Yenye uliita jina yake mara mbili."

Isidore alisema atamtafuta. Alisema hivyo kwa moyo safi, na kesho yake akaalikwa mahali pengine kusimulia. Moyo wake ulikuwa safi juma zima.

Bénédicte hakuwa na juma. Rais wa kambi hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili, na safari hii hakuhitaji kuuliza hata mara moja, kwa kuwa redio ilikuwa imemtajia jina, kazi na banda, mpaka kisima. Kabla ya mchana vijana wake walikuwa wameling'oa lile banda. Jina lake likafutwa kambini, na turubai ziliporudi alikuwa mtu pekee ambaye hakupewa, kwa sababu mgawaji alisema, tena kwa haki, kwamba hakai hapo. Pikipiki moja ilimfuata hadi mjini, polepole, bila kusema kitu. Akahamia kwenye baraza ya mbele ya kanisa pamoja na watoto. Kijijini kwao Djugu alikuwa amekimbia watu asiowajua. Hapa alimkimbia jirani aliyejua kila kitu chake, kwa kuwa alikisikia kikisomwa vizuri.

Jumatatu moja Isidore aliingia studio kusoma komunike kama kawaida. Dirishani walikuwa wamempa fungu la karatasi. Alisoma kifo, alisoma ng'ombe, alisoma harusi iliyoahirishwa kwa sababu ambazo familia ilizieleza kwa ukamilifu. Akachukua karatasi iliyofuata na kuanza, bila kuipitia.

"Mwalimu Bénédicte, aliyekuwa akikaa banda la mwisho karibu na kisima, anawajulisha ndugu, jamaa na wote wanaomtafuta kwa heri ama kwa shari, kwamba banda lake lilibomolewa siku barua yake iliposomwa katika redio hii."

Akaurudia mstari huo kwa macho. Nyuma ya kioo Gauthier aliinua kichwa. Isidore angeweza kukohoa, angeweza kuomba wimbo. Lakini katika ua, kupitia dirisha dogo, aliona mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi amesimama na watoto, anamtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alielewa kwamba kila karatasi aliyowahi kusoma ilikuwa na mtu amesimama uani. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akasoma, kwa kuwa hakujua namna nyingine.

"Kuanzia leo yeye na watoto wake wanakaa kwa Isidore, msomaji wa komunike, mtaa wa Saio, nyuma ya kinu cha muhogo, nyumba ya lango la kijani. Mwenye neno naye amkute huko. Lango liko wazi. Kwa maelezo zaidi piga simu."

Ikafuata namba. Alisoma nusu kabla ya kutambua kwamba ni yake, na alipofika mwisho akatambua na mwandiko: zile herufi kubwa zilizoinama ni zile zile zinazoandikwa kila siku kwenye magunia ya unga. Ni Suzanne aliyeandika.

Akaiweka karatasi mezani. Gauthier, bila kutabasamu, akainua vidole viwili.

"Ninarudia," alisema Isidore, na mji wote ukasikia kwamba sauti ya padri haikuwapo.

Alipofika nyumbani walikuwa wametangulia. Watoto walikula kwenye mkeka, Tina wake akiwagawia, na Bénédicte alikuwa ameketi jikoni akimenya muhogo kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Isidore alisimama mlangoni, akazungusha kofia mkononi.

"Mama mwalimu," alisema. "Nilikukosea. Mi nilifanya juu ya kusaidia watu ya site."

"Nilisikia," alisema Bénédicte. "Hata mi nilikuwa mutu ya site."

"Siri yako, hata Néhémie ilikuwa anaijua..."

"Anaijua, ndiyo. Alisoma jina yangu, akanyamaza. Mwizi alinyamaza, Papa Isidore. Weye ulirudia."

Isidore alimvuta Suzanne pembeni, akanong'ona kwamba amewatia wote hatarini, sasa hata mbwa wa Bunia anajua lango lao.

"Njo nilitaka vile," alisema Suzanne, wala hakunong'ona. "Ku kanisa wangemupiga, hakuna mutu angejua. Sasa mutu akimugusa, Bunia yote inajua ni wapi, na ni kwa nani. Hii mara nilimuuliza mbele ya kuandika. Alisema ndiyo."

"Punguza sauti. Majirani watasikia."

Suzanne alirudi jikoni, na alikuwa na huruma ya kutocheka.

Nje, pikipiki ilipita nyuma ya kinu, ikiwa na watu wawili, polepole. Baada ya kitambo ikapita tena. Isidore akatoka mbio kwenda kusukuma lango la kijani, ambalo kwa miaka halikuwahi kufungwa na bawaba zake zilikuwa zimelala. Likalia kwa nguvu.

"Papa Isidore," Bénédicte aliita kutoka jikoni, bila kuinua macho kwenye muhogo. "Ku komunike nilisema lango iko wazi. Weye mwenyewe ulisoma. Komunike haikatwi."

Mkono wa Isidore ukabaki juu ya bati la lango. Majirani walikuwa wametoka kwenye milango yao, wamefunga mikono kifuani, wanatazama. Isidore akalirudisha lango lilipokuwa. Akaenda kuchukua kiti, akakiweka katikati ya nafasi iliyo wazi, akaketi akiangalia barabara, shingo ndefu ikiwa imesimama ndani ya kola, mikono magotini. Pikipiki ilipotokea mara ya tatu, ilimkuta hapo.